Risasi za Njano Katika Kopo la Biskuti

Nyumba yetu ya Houston ina kuta ambazo ukizigonga zinaitika. Si za tofali wala si za mawe ya matumbawe kama nyumba za zamani za Tanga, alikokulia baba watoto. Ni mbao zilizosimamishwa kila baada ya sentimita 40, zikapigiliwa jipsamu pande zote mbili, jipsamu ile ile ambayo mafundi wa Dar es Salaam huipigia dari. Bodi moja ina unene wa nusu inchi, na kati ya bodi na bodi ni uwazi. Mtoto akigeuka kitandani chumba cha tatu, mimi nasikia.

Kuta hizo ndizo zilizotuamulia kesi yetu ya risasi, ila sisi tulianzia mbali nazo. Tulianza kwa kubishana kuhusu mwizi.

Majira ya joto ya mwaka ule nyumba mbili za mtaani kwetu zilivunjwa. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini katika moja alikuwamo mama aliyelala na mtoto mchanga, na alipotusimulia mikono bado ilikuwa inamtetemeka. Baba watoto ni dereva wa malori ya masafa. Leo yuko Arizona, wiki ijayo yuko Georgia, nami nabaki na binti yetu na mdogo wake wa kiume. Mwaka ule tulikuwa pia na mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na kukaa nasi mpaka baridi ipite. Mume wangu alisikiliza habari za yule mama hadi mwisho, akanyamaza, kesho yake akaenda dukani.

Texas haidai kibali cha kununua bunduki ya kuweka nyumbani. Unajaza fomu ya serikali kuu namba 4473, muuzaji anawasiliana na mfumo wa FBI wa kukagua majina, ukipita unalipa na kuondoka nayo. Mama mkwe aliposikia alishangaa kweli. Marehemu mumewe alikuwa na bunduki shambani Muheza kwa ajili ya ngedere na nguruwe walioingia kwenye mahindi, na anakumbuka safari za kwenda polisi kwa ajili ya kibali chake. "Huku inauzwa tu?" aliuliza. "Inauzwa, Mama," mwanawe akajibu.

Alinunua shotigani ya kukoki kwa mkono, geji 12. Siku chache baadaye akarudi na ya pili, geji 20, kwa ajili yangu, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa na teke ambalo bega langu halikulipenda. Geji huhesabiwa kinyume: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana. Chanzo chake ni ratili ya madini ya risasi. Ukiyeyusha ratili moja ukatoa matufe 12 yanayolingana, upana wa kila tufe ndio upana wa mtutu wa geji 12, karibu milimita 18 na nusu. Ukitoa matufe 20, unapata mtutu mwembamba zaidi, milimita 15 na kitu. Hii hesabu naomba msomaji aishike, kwa maana nusura itutoe roho.

Bunduki zote mbili zikaingia kwenye sefu siku ile ile. Sheria ya Texas inamshika mtu anayeacha silaha iliyo tayari kufyatuka mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 ataifikia, na mtoto akaifikia kweli. Ila hata bila sheria, mimi ni muuguzi, na kuna vitu nimeviona kazini ambavyo sitaki kuvifuata nyumbani. Maboksi ya risasi yenyewe yaliwekwa kabatini, rafu ya juu, nyuma ya mablanketi.

Halafu likaja suala la risasi gani. Jioni moja baba watoto aliyapanga maboksi juu ya meza ya kulia, sahani zikasogezwa, chai ikapoa. Kulikuwa na marisau namba 8, vijigololi vya milimita mbili na ushei, zaidi ya 400 katika wakia moja. Kulikuwa na gololi kubwa ambazo wenyewe huziita sifuri mbili, kila moja zaidi ya milimita nane, nane au tisa ndani ya risasi moja. Katikati ya hizo kulikuwa na gololi namba 4, ambazo risasi moja ya kawaida ya geji 12 inachukua 27. Na kulikuwa na ile ya kipande kimoja, donge la gramu 28 linalotoka peke yake.

Kila mtu alikuwa na lake. Muuzaji dukani alisema sifuri mbili na si vinginevyo, kwa kuwa ndizo polisi wa Marekani walizozitumia miaka mingi. Shemeji yangu aliyeko Columbus, Ohio, alisema kwa simu tuweke marisau, kwa sababu hayapiti ukuta. Dereva mwenzake baba watoto akasema risasi si hoja, mwizi akisikia tu sauti ya kukoki atakimbia. Ushauri huu wa mwisho niliukataa pale pale. Unampa mtu usiyemjua taarifa ya mahali uliposimama, kisha unaomba awe mwoga.

Mama mkwe alichukua risasi moja ya marisau, akaigeuzageuza mwangani. "Haya baba yenu alikuwa akipigia kanga na kwale," alisema. "Hizi kubwa ni za nguruwe. Sasa nyinyi mnataka kumpiga nani?"

"Mwizi, Mama."

"Mwizi ni mtu."

Nilimshukuru kwa kulitamka. Mezani pale maneno yalikuwa yanazunguka: kusimamisha, kuzuia, kudhibiti. Risasi ya ulinzi wa nyumba ni ya kumwingia mtu mwilini, na anayeichagua anachagua itaingia kiasi gani. FBI wana kipimo chao. Baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986, ambamo maofisa wao wawili waliuawa, walianza kupima risasi kwa kuzipiga kwenye jelatini inayofanana na nyama ya mwili, na wakataka iingie kati ya inchi 12 na 18. Pungufu ya hapo haina hakika ya kufika mahali panapomsimamisha mtu. Marisau hayafiki hata nusu ya kina cha juu cha kipimo hicho. Yanachana ngozi vibaya sana, damu inatisha, lakini mtu mzima aliyejaa hasira au dawa za kulevya anaweza kuendelea kutembea. Sifuri mbili zinafika na kupita. Na kinachopita kwa mtu, au kinachomkosa, kinaendelea na safari yake hadi ukutani. Ubishi wetu ukakwama hapo, maboksi yakarudi kabatini.

Mama mkwe ni mtu asiyekaa bure. Siku chache kabla ya Idi alikuwa anapanga makabati, akamkuta mjukuu wake wa miaka saba amesogeza kiti mbele ya kabati la mablanketi. Alikuwa anatafuta zawadi, maskini. Bibi hakusema neno kwa mtoto. Alimtoa kwa upole, akashusha maboksi yote, mengine yalikuwa yamekwisha kuchanika pembeni, akamimina risasi zote ndani ya kopo la bluu la biskuti za siagi, lile la bati ambalo kila nyumba ya Waswahili hulitunza kwa nyuzi na sindano. Akalifunga kwa utepe, akaliweka juu kabisa ya rafu ya gereji. Akaniambia jioni: "Mkwe wangu, vile vitu nimevihamisha, mtoto alikuwa anavipandia." Nikamwambia amefanya la maana, na nalisema hata leo. Kati yetu sote, yeye ndiye aliyeona kwamba sefu bila mahali pa risasi ni kazi nusu.

Kumbe ndani ya kopo sasa geji 12 na geji 20 zimelala pamoja.

Mzee mmoja Mmarekani, dereva mstaafu aliyemfunza baba watoto kazi ya lori, ana shamba nje ya mji. Ndiye aliyetupa wazo kwamba tuache kubishana, tujenge kuta tuzipige. Tulinunua bodi za jipsamu na mbao, tukapigilia kuta nne za mfano, zimesimama moja nyuma ya nyingine, na nafasi kati yake ya upana wa chumba kidogo. Mama mkwe alikuja pia. Alikalia kiti cha kukunja nyuma yetu, kanga kichwani, vikinga masikio juu ya kanga.

Baba watoto alivaa miwani ya kupigia shabaha, ile ya lenzi za rangi ya kaharabu. Alichota risasi kadhaa koponi akatia mfukoni. Alikuwa anaongea na mzee, macho yako kwenye kuta, mkono ukaingia mfukoni ukatoka, ukadondosha risasi moja kwa moja kupitia tundu la ubavuni, akafunga, akalenga, akafyatua. Ikalia tik.

Mzee akainua mkono: tulia, usigeuze mtutu. Risasi iliyochelewa inaweza kulipuka baada ya sekunde kadhaa. Tukasubiri. Mume wangu akavuta nyuma, hakikutoka kitu. Akachungulia chemba, tupu. Akasema, "Kumbe sikuweka," na mkono ukarudi mfukoni, ukatoa risasi nyekundu. Alikuwa amekwisha kuielekeza kwenye tundu pale mzee alipomdaka kiganja. Sikumdhania mzee wa umri ule kuwa na kasi ile. Aliichukua bunduki, akaifungua, akaielekeza juu, akachungulia mtutuni kutokea nyuma. Mwanga hakuuona.

Alitafuta ufito wa kusafishia, akausukuma taratibu kutokea mbele. Ikadondoka nyasini risasi ya njano.

Geji 20 ni nyembamba. Ukiitia kwenye bunduki ya geji 12 haikai mahali pake: inateleza mbele mpaka ukingo wake wa shaba unaposhikwa mtutu unapoanza kubana, na pale inakaa isionekane. Aliye nyuma anaona chemba tupu. Akiweka sasa ya geji 12 na kufyatua, moto unaikuta ile ya mbele imeziba njia, na mtutu unapasuka pale pale unapoushikilia kwa mkono wa kushoto, si mbali na uso. Mzee alitueleza kwamba ni kwa sababu hii viwanda vya Marekani hutengeneza geji 20 kwa ganda la njano, ili jicho lione kabla ya mkono. Ila jicho la mume wangu lilikuwa kwingine, na miwani ilikuwa ya kaharabu.

Mama mkwe alishuka kitini, akaiokota ile ya njano. Akaiweka kando ya nyekundu kiganjani, akazitazama. Hakujua kwamba zinatofautiana. Machoni pake zilikuwa risasi, kama zile za mumewe zilivyokuwa risasi, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na bunduki moja tu. Mwanawe alimshika bega akamwambia, "Mama, si wewe. Mimi ndiye niliyeleta mbili." Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Tulikaa kivulini kwa muda, tukanywa maji, kisha tukaendelea, kwa sababu kuta zilikuwa bado zinasubiri. Kila risasi sasa ilipita mbele ya macho ya mzee kwanza.

Sifuri mbili zilipita kuta zote nne, bodi zote nane, zikafukua udongo wa kilima kwa nyuma. Nilisogea kuangalia. Ukuta wa kwanza ulikuwa na matundu yaliyobanana eneo la kiganja. Watu wanaamini shotigani inatawanya kama wavu, huna haja ya kulenga. Kwa umbali wa ukumbini, mita tano au sita, gololi zote zinaenea kadiri ya sahani ya chai, wala hazizidi hapo sana. Usipolenga unakosa, na ulichokosa kinaingia chumba cha pili, cha tatu na cha nne. Marisau nayo yalimkanusha shemeji wa Columbus: kwa karibu vile yalikuwa bado yamekusanyika, yakafungua tundu la ngumi ukuta wa kwanza, na mengi yakatoboa wa pili. Za katikati, namba 4, zilichoka mapema kuliko sifuri mbili, lakini kabla ya kuchoka zilikwisha pita vyumba viwili.

Hivyo hakukuwa na risasi ya kumfaa mtu isiyopita jipsamu. Nilirudi nyumbani na hilo kichwani, nikachukua daftari la binti yangu la hisabati nikachora nyumba. Mlango wa mbele, mlango wa gereji, ukumbi mrefu, vyumba vinne. Nikaweka alama mahali mtu mwenye bunduki atakaposimama kama amejifungia chumbani kwetu, nikavuta mistari. Mstari wa kuelekea mlango wa mbele ulipita katikati ya kitanda cha mtoto wa miaka saba. Mstari wa gereji ulipita kwa mama mkwe.

Basi ikaanza hamahama. Watoto wakahamia upande wetu, chumba kilichoshikana na chetu, binti akalalamika wiki nzima kuhusu kulala na mdogo wake. Chumba cha mtoto kikawa stoo na mahali pa kupigia pasi. Mama mkwe ndiye aliyekataa. Chumba chake kina bafu ndani, na ameshapatia kibla chake pale, mswala umetandikwa sawasawa na dirisha. "Mimi sihamishwi na mwizi ambaye hajaja," alisema, na mwanawe akashindwa la kumjibu. Tukamhamisha kitanda tu, kikaenda ukuta wa nje wenye matofali, nje ya mstari.

Mpango huo ulikuja kupimwa majira ya baridi. Saa tisa usiku nilisikia mlango wa gereji ukinguruma, kisha hatua jikoni. Baba watoto alikuwa njiani, akitarajiwa kesho yake. Nilifanya tulivyokubaliana: nikaingia chumba cha watoto, nikawafungia, nikafungua sefu, nikachukua ile ya geji 20, mtutu nimeuelekeza kwenye kona ya ukuta wa nje. Na nikahesabu watu, kwa maana hilo ndilo tuliloliweka mbele ya yote: kabla ya mwizi, hesabu walio wako. Watoto wawili, nimewashika. Mama mkwe sikumwona, na mlango wa chumba chake ulikuwa wazi.

Nikaita kwa sauti ya juu kabisa, "Mama!"

"Lo! Tuko huku," ikajibu sauti yake kutoka jikoni, "nampashia mwanangu chai."

Mume wangu alikuwa amemaliza mzigo mapema. Simu yangu ilikuwa kimya, akampigia mama yake, akijua kwamba saa hiyo huamka kwa tahajudi, naye akaenda kumfungulia. Wote wawili walikuwa wamesimama jikoni, mbele ya jokofu, mwisho wa ukumbi. Nilipoipima baadaye mistari ya daftari, jikoni mote mlikuwa ndani.

Sikulala tena. Nilimkumbusha mume wangu kisa cha Dearborn Heights, Michigan, cha mwaka 2013. Binti wa miaka 19, Renisha McBride, alipata ajali ya gari usiku wa manane, akaja kugonga mlango wa nyumba asiyoijua, na mwenye nyumba akampiga kwa shotigani kupitia mlango wa wavu. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji. Mwenye nyumba yule alisema aliogopa, na sidhani kwamba alidanganya kuhusu hofu yake. Hofu ilikuwa ya kweli na binti alikuwa wa kweli pia. Nikamweleza na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la madaktari la New England: nyumba zenye bunduki zilikutwa na hatari kubwa zaidi ya mtu kuuawa humo, na ongezeko lenyewe lilitoka zaidi kwa jamaa na watu wanaofahamiana kwa karibu kuliko kwa wageni.

Tukaamua. Ile ya geji 12 ilirudishwa dukani ikauzwa, na risasi zake zote pamoja nayo, ili nyumbani kwetu pabaki rangi moja tu. Iliyobaki tumeiwekea gololi namba 3, risasi moja ina 20. Zinaingia vya kutosha, teke lake nalimudu, na mistari ya daftari nimeipanga kwa kujua kwamba zinapita kuta. Risasi zina kisanduku chao chenye kufuli. Taa za nje zinawaka zenyewe mtu akikatiza uani, kazi ambayo naithamini kuliko bunduki. Anayechelewa kurudi anapiga simu ya mezani, inayolia nyumba nzima, kabla hajagusa mlango. Vikinga masikio vimo ndani ya sefu, kwa sababu mlio wa shotigani chumbani hupita desibeli 150 na masikio ya mtoto hayapati nafasi ya pili.

Sasa tuna shauri jingine. Binti yetu anatimiza miaka 17 mwakani, na baba yake anaona apewe namba ya sefu kwa usiku ambao mimi niko zamu hospitalini. Mimi sijakubali. Bibi yake tulimpigia simu Tanga kumtaka shauri, akatusikiliza sote wawili, kisha akataka azungumze na mjukuu wake peke yake. Walikaa kwenye simu hadi wali ukapoa, na binti hajatuambia walichozungumza.